Mlinzi Aliyebeba Watu Mgongoni

Walimwita Winchi, na jina hilo alilipata wiki aliyoajiriwa kuwa mlinzi wa makumbusho. Wiki hiyohiyo uani palikuwa na winchi ya kweli, ikipandisha ghorofani mtambo wa zamani wa kuchapia magazeti. Dirisha liling'olewa, ukuta ukatinduliwa, mtambo ukaingia, kisha vyote vikajengwa upya. Wenzake wakatazama mabega yake wakasema, "Na huyu naye winchi." Jina likaganda.

Jengo lilikuwa kuukuu, lenye ngazi pana za mawe zilizolika katikati. Chini kulikuwa na ndege waliokaushwa na mawe ya kila rangi ndani ya makabati ya vioo. Vitu ambavyo watu walivijia hasa vilikuwa juu: mitambo, zana, picha za watu wakiwa kazini. Aliyekuja na kiti cha magurudumu aliishia kwa ndege.

Siku moja mzee mwenye magongo alisimama chini ya ngazi akitazama juu. Winchi aliona haya kumpita hivihivi. Akachuchumaa, akamwambia, "Panda, mzee wangu." Ndivyo ilivyoanza. Mwaka haukuisha, ikawa kila mgeni asiyeweza kupanda anaitiwa Winchi. Fundi alipoleta makadirio ya lifti, mkurugenzi alicheka. "Lifti ya nini? Mimi nina Winchi, hahitaji hata umeme."

Nyumbani, mkewe alimkanda kiuno kwa maji ya moto. "Huo mgongo si mali ya makumbusho," alimwambia. "Ukikatika watakupa nini, kinyago?" Winchi alicheka huku ameuma meno. Kusema kweli, kazi ile ilimfanya ajione mtu. Wageni walimshika mkono, wengine wakampiga picha.

Basi asubuhi moja ya mvua akaja mama mtu mzima na bintiye. Maisha yake yote ya kazi mama huyo alikuwa mpanga herufi kwenye kiwanda cha magazeti. Alipanga vipande vya madini ya risasi, herufi moja moja, mpaka ukurasa ukatimia, na mtambo ule wa ghorofani ndio uliochapa kazi yake. Kiharusi kilimkalisha kitini, ila ulimi hakikuugusa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Lifti iko wapi?"

"Hatuna, mama, lakini usijali. Lifti ni mimi." Akachuchumaa kama kawaida yake.

Mama hakusogea. "Ule mtambo mliupandisha, chuma kitupu. Mimi niliyekonda hivi ndiye nimewashinda?"

"Nitakubeba taratibu."

"Najua utanibeba. Gauni litapanda, mapaja yatakuwa nje, na wale vijana pale watatoa simu zao. Hao wote uliowabeba, umewahi kumuuliza hata mmoja kama alipenda?"

Winchi hakuwahi kumuuliza yeyote. Walimshukuru, naye akaridhika na shukrani.

"Mama, turudi basi," binti alisema.

"Turudi wapi? Nimeshavaa, nimeshatoka." Alizitazama ngazi kwa muda mrefu. Kisha akamwambia bintiye amfunge mtandio miguuni, akanyoosha mikono.

Kupanda kulikwenda salama. Binti alikileta kiti, mama akaketishwa mbele ya mtambo, kisha akamtuma binti garini akamletee miwani. Alikaa pale na Winchi hadi binti aliporudi akisema miwani haikuwemo.

Wakati wa kushuka, ngazi zilikuwa zimelowa kwa viatu vya wageni. Katikati ya safari kiuno cha Winchi kilibana ghafla, kama kimekazwa kwa waya. Goti likamsaliti. Alijaribu kugeuka ili aangukie yeye chini, hakuwahi. Nyonga ya mama ilivunjikia kwenye ukingo wa jiwe. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Nifunike miguu," na Winchi, ambaye mwenyewe hakuweza kuinuka, aliuvuta mtandio kwa mkono mmoja.

Mama hakutoka hospitali akiwa hai. Makumbusho wakatoa tangazo kwamba mlinzi alimbeba mgeni kwa kujiamulia, kinyume cha taratibu. Winchi akasimamishwa kazi, akingoja kikao cha nidhamu.

Baada ya mazishi binti alibisha hodi nyumbani kwake. Winchi alikuwa amelala sakafuni, juu ya mkeka, maana kitandani hakukulalika.

"Nimemuua mama yako, dada yangu," alisema kabla hajasalimiwa.

Binti akakaa chini. "Ile miwani ilikuwa mkobani mwake muda wote. Alitaka tu niondoke. Alisema nini?"

Winchi alifikiri. "Aliushika mtambo, akasema, 'Kumbe kitu chenyewe kidogo hivi! Na nilivyokuwa nakiogopa.' Akacheka peke yake. Halafu akaniambia nimzungushe, auone na mgongoni."

Binti naye akacheka, kicheko kikageuka kilio. Mke wa Winchi akamkumbatia, wakalia wote wawili. Alipopata sauti, binti aliuliza, "Kwenye kikao utasema ukweli?"

Winchi akawaambia alivyoahidiwa. Mkurugenzi alikuwa ameshampigia simu: akikiri kwamba alijiamulia, atalipwa kiinua mgongo chake.

"Kiinua mgongo?" mkewe alidakia. "Wainue mgongo upi?"

Siku ya kikao alisimama ameegemea meza. "Miaka yote mlikuwa mnaniita kwa redio, 'Winchi, ngazini.' Leo hamnijui?" Mkurugenzi alikuwa akiitazama kalamu yake. "Nimekosa, ndiyo. Niliwabeba watu bila kuwauliza. Lakini kosa hilo tulilifanya pamoja."

Walimfukuza, na malipo yakafutwa. Chini ya ngazi wakafunga mnyororo na kibao: wenye viti vya magurudumu hawaruhusiwi kupanda. Lifti haikuja.

Binti akafungua kesi dhidi ya makumbusho, Winchi akawa shahidi wake. Kesi inasogezwa mbele kila inapotajwa. Kila mara binti humpitia nyumbani, wakaenda pamoja. Mara ya mwisho hakimu alimuuliza shahidi mbona amesimama ukutani na viti vipo. Akajibu kwamba akikaa, kuinuka ni mpaka ainuliwe na watu wawili. Hakimu akatikisa kichwa kwa huruma, akapanga tarehe nyingine.