Kifuniko cha Jumatano

Jumatano ya wiki jana nilikuwa kwenye kaunta ya jumba dogo la makumbusho hapa Isiolo. Kila asubuhi afisa wake huweka mtandaoni picha ya kitu cha siku: Jumatatu mapambo, Jumanne silaha, Jumatano vyombo vya maziwa.

Mama mmoja wa mtaa wa Kiwanjani akaingia, simu mkononi, akamwonyesha afisa picha ya siku hiyo.

"Salaam aleikum. Hiki chombo niliwapatia mimi. Kilikuwa cha mama yangu. Mbona mmekiacha wazi?"

"Lakini mama, hakina maziwa," afisa akasema.

"Wewe unajua. Shangazi zangu wa Leparua hawajui. Tangu asubuhi wananipigia, wanauliza kama mama hakunifundisha kufunika maziwa."

Akafungua leso, akatoa kifuniko cha chombo hicho, chenye umbo la kikombe. Alikuwa amekibakisha nyumbani kwa ukumbusho, na ndicho alichokuwa akinywea chai. Afisa akakibandika juu ya chombo, kikakataa. Mama akamsukuma mkono, akakizungusha kidogo, kikaketi.

"Sasa chai utanywea nini?" afisa akauliza.

"Kikombe, kama nyinyi."

Picha mpya ya chombo kikiwa kimefunikwa ilitoka Alhamisi, ingawa ni siku ya viatu. Hakuna aliyelalamika. Shangazi mmoja aliandika chini yake: "Sasa tunaona ulilelewa."