Nimeandika Bagira ku Tablo

Leo nimenyang'anya Prezida wa ligi chaki mbele ya watu wote. Na siombi pardon.

Tulikuwa mu mukutano, mu mutaa ya Ibanda. Ligi yetu ya bezboli ya mabinti inatafuta ekipe mbili mupya. Mimi ndiye kocha wa ekipe ya Bagira, mutaa yetu ya ku milima. Tunacheza tangu miaka tatu, lakini mu ligi hatujaingia.

Prezida akaandika ku tablo jina ya ekipe ya kwanza: Muhumba. Kisha akaongeza ekipe ingine ya Ibanda.

Nikanyoosha mukono.

"Papa Prezida, na Bagira?"

Akatabasamu. "Maman, kule kwenu ni milima tu. Mupira ikipigwa, nani ataifuata?"

Watu wakacheka. (Tonton, mujomba wetu wa Bagira, hata wewe! Nilikuona.)

"Mabinti yangu wataifuata," nikasema. "Wanaifuata kila siku. Ndiyo maana wanakimbia kupita wenu."

Nikaenda mbele, nikachukua chaki mu mukono yake, nikaandika BAGIRA.

Akafuta na kitambaa.

Nikaandika tena.

Akainua kitambaa tena. Ndipo kapiteni wa Muhumba, binti mwenye sijawahi ongea naye, akasimama:

"Papa, uache. Hawa walitushinda mu mechi ya kirafiki. Kama hawaingie, na sisi hatuingie."

Prezida akaweka kitambaa chini, akaitisha kura juu ya ile nafasi ya pili. Tumeingia!

Kama tutashindwa, tushindwe mu uwanja, hapana mu mukutano.

Bagira, muko wapi? Mujibu hapa chini!