Siku Niliyoufuta Mtaa wa Nyumba Zenye Miguu

Nimefundisha miaka ishirini na tisa, na sijawahi kumpokea mgeni darasani ubao ukiwa umeandikwa. Mwalimu aliyenilea kazini alinizoesha hivyo: mgeni akikaribia, ubao unafutwa. Siku hizi mkono wangu unafuta wenyewe, hausubiri kuambiwa. Wanafunzi wananiita Mama Chaki, wakidhani sijui.

Muhula huu tuliletewa ubao wa kidijitali, mweupe, mpana kama mlango wa ghala. Niliuogopa, sitasema uongo. Binti yangu, ambaye ni fundi simu, alinifundisha kwenye meza ya jikoni kwa tableti yake huku akinicheka. "Mama, mbona unaigusa kama pasi ya moto? Bonyeza, haiumi!" Nilishika mambo matatu tu: kuuwasha, kuandika kwa kalamu yake, na kuuzima. Kisha nikabandika karatasi kando ya ubao, kwa mwandiko wangu mzuri: USIGUSE.

Kwa wiki tatu, katika kipindi cha ubunifu cha darasa la sita, tulijenga mtaa ambao nyumba zake zina miguu. Wanafunzi ni arobaini na wawili. Kila mmoja alibuni nyumba yake, akanieleza, nami nikaichora. Kulikuwa na nyumba iliyohama kila mara majirani walipogombana, na nyingine iliyovaa soksi ili isimwamshe mtoto mchanga. Nilikipenda kipindi kile kuliko kitu chochote pale shuleni, nacho kilikuwa hatarini. Mkaguzi alikuwa anakuja Alhamisi saa nne kukitazama. Asiporidhika, kingegeuzwa kuwa cha mazoezi ya mtihani.

Alhamisi hiyo, saa nne kasoro dakika nane, mwalimu mkuu alichungulia dirishani. "Mwalimu, mgeni yuko ofisini kwangu, anasaini kitabu. Jiandae."

Nikasema sawa. Nikachukua kitambaa, nikaufuta ubao.

Nilizinduka darasa lilipoguna. Kumbe ubao ule ukipanguswa kwa kitu kipana, unafuta kweli. Nyumba zote arobaini na mbili zilikuwa zimekwenda, hata soksi hazikubaki.

Nikabonyeza huku, ikatokea kalenda. Nikabonyeza kule, ikatokea saa kubwa, ikanionyesha kwamba zimebaki dakika tano. Nikampigia binti yangu. Simu ikaita mpaka ikakatika. Nyuma darasani mkono ulikuwa umeinuliwa, wa msichana ambaye wenzake wanamwita Kasuku kwa utani, kwa sababu haongei.

"Mwalimu, samahani..."

"Shusha mkono!"

"Mwalimu, naomba nikuambie..."

"Nimesema shusha! Huoni maji yamenifika shingoni?"

Akashusha. Mlango ukafunguliwa.

Mkaguzi alikuwa mtu mwembamba mwenye daftari kubwa. Aliutazama ubao mtupu, akanitazama mimi. "Mwalimu, niliambiwa hapa kuna mtaa."

"Ulikuwepo, mheshimiwa. Nimeufuta."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu unakuja."

Hakucheka. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Akawageukia wanafunzi. "Hauwezi kurudishwa?"

"Haiwezekani," nikawajibia.

Kasuku akasimama. "Inawezekana, mheshimiwa. Kuna mshale pale chini, ule uliopinda. Ukiugusa, kilichofutwa kinarudi."

"Umejuaje?"

"Wote tunajua. Hata simu ya mama inao."

"Sasa mbona hamkumwambia mwalimu?"

Alinitazama kwanza. "Niliambiwa nishushe mkono. Na ubao haturuhusiwi kuugusa."

Mkaguzi akasogea, akaisoma karatasi yangu, akaandika kitu. "Na hizo nyumba, nani alizichora?"

"Mimi," nikasema.

"Zote?"

"Zote."

"Kwa hiyo wao walikuwa wamekaa."

Uso uliniwaka. Nilimchukia mtu yule, na nilimchukia kwa sababu alisema kweli. Mtoto akinieleza nyumba yake, mimi nilikuwa nasikiliza nusu tu. Nusu nyingine nilikuwa nashughulika na mkono wangu mwenyewe, usije ukaharibu mashine. Woga wangu niliubandika ukutani, nikawafanya nao wauheshimu.

Nikaibandua karatasi. Nilikuwa nimeigandisha vizuri mno, ikatoka na rangi ya ukuta. Nikamwita Kasuku, nikampa kalamu. Akagusa mshale mara moja, mara mbili, mara tano, na nyumba zikarudi kundi kwa kundi. Darasa likapiga makofi. Pumzi zikanishuka, nikanyoosha mkono anirudishie kalamu.

Hakunirudishia.

"Mwalimu, usikasirike," alisema. "Mlango wa nyumba yangu uko juu ya paa. Nilikuambia, lakini wewe ukauchora mbele."

Akaufuta mlango wangu ulionyooka, akachora wake juu ya paa, umepinda kidogo. Vidole vilinicheza, nikitaka kuunyoosha. Nikaenda kukaa kwenye dawati lake, nikaikalia mikono yangu. Mkaguzi akafunga daftari. "Kipindi kibaki kwanza," alisema. "Nitarudi mwezi ujao, nami nitakaa hapo ulipokaa wewe."

Nilimwitikia bila kumtazama. Nilikuwa naitazama foleni iliyokuwa inajipanga mbele ya ubao. Watoto kumi na tisa walikuwa wamesimama, wanasubiri zamu yao ya kurekebisha nyumba nilizowachorea.