Miti Miwili ya Mlango wa Jikoni

Niling'oa miti miwili iliyoshikilia zege, siku ya nne tu baada ya kumwagwa, nikaenda kuifanya goli. Nalisema mwanzo kabisa ili usikae ukingoja nijitetee.

Nyumba yetu ya Mawaleh, huku nchi ya Waarabu, ilikuwa ikijengwa kwa matofali ya saruji, kama za jirani zetu wote, na sisi tulikuwa tumepanga mtaa huo huo. Baba alichagua kila kitu. Mama aliomba kimoja: juu ya mlango wa jikoni litokeze zege la kutia kivuli, apate kukaanga samaki nje bila kuungua yeye kabla ya samaki.

Fundi alikuwa Mpakistani mwenye ndevu za hina na Kiarabu cha kutosha kunigombeza. Alimwaga zege alfajiri, kabla jua halijawa kali. Chini yake alisimamisha miti sita, kila mti umekazwa kwa kabari ya mbao, na juu akatandika magunia aliyoyarowesha maji asubuhi na jioni. Mama alimuuliza litakauka lini.

"Zege halikauki, mama, linaiva. Likikauka upesi linapasuka. Miti isiguswe siku ishirini na moja."

"Kumbe tunapika," nikasema.

"Wewe ndiye mbichi," mama akanijibu.

Siku ya nne tulikuwa na mechi na watoto wa mtaa wa pili. Magoli yetu yalikuwa ya mawe, na kila mpira uliopita juu juu ulileta ugomvi. Nikaitazama ile miti. Sita ni mingi, nikajiambia. Nikagonga kabari za miwili ya ukingoni, ikatoka kama jino bovu. Zege halikutikisika hata kidogo, nikalidharau. Tulishinda nne kwa mbili, na hakuna aliyegombana.

Maghribi niliirudisha miti, lakini kabari nilikuwa nimeshazipoteza. Nikavua ndala zangu, nikazikunja, nikazisokomeza moja moja chini ya kila mti. Nikenda zangu nyumbani pekupeku, najiona mhandisi.

Kesho yake, Ijumaa asubuhi, ukingo ulikuwa umeshuka vidole viwili, na ufa umekata zege kutoka pembe hadi pembe kando ya ukuta. Ndala zilikuwa bapa kama chapati. Fundi alichomoa moja akaishika, hajui aiweke wapi.

"Unanishikizia nyumba kwa ndala?" baba akamwambia.

"Wallahi, bwana, si yangu."

"Ya nani basi, ya mbuzi? Kesho namwambia mkandarasi wako aniletee fundi mwengine."

Mtaani kila mtu alijua fundi aliyekataliwa anapelekwa wapi: uwanja wa ndege, arudishwe kwao. Fundi alipanda ngazi, akaanza kuyateremsha magunia, moja moja, akiyakunja kama nguo za sala.

Mama hakuitazama ndala. Aliitazama miguu yangu. Nilikuwa nimevaa viatu vya skuli, siku ya Ijumaa, skuli imefungwa.

Ningeweza kungoja aseme yeye. Nikamwambia baba, kwa Kiswahili, haraka haraka, kwamba fundi hana kosa. Miti niliitoa mimi, ndala ni zangu, na tulishinda nne kwa mbili. Hili la mwisho sijui nililisemea nini. Baba akavua kofia, akaivaa tena, akamwita fundi ashuke, akamshika mkono wakakaa kando kuzungumza. Hakunigusa. Nikageuka kwa mama.

Akasema: "Fundi hajanywa chai tangu alfajiri. Kalete birika, na kabla hujammiminia umwombe radhi, kwa Kiarabu, asikie. Ukimaliza umuulize nyundo iko wapi, maana zege hilo mtalivunja pamoja."