Siku Jirani Yangu Hakuonja Uji

Mimi ni mtu wa kushuku, na sitaki kuwapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Muuzaji akinipimia maharage, jicho langu liko kwenye mkono wake. Mtu akimsifia mtoto wangu mara mbili, namfunika mtoto kwa kitenge naondoka. Huko tulikotoka, Kivu ya Kusini, tulilelewa hivyo: usile ovyo kwa watu. Tulipovuka kuja Uganda, kambi ya wakimbizi ya Nakivale, tulibeba sufuria mbili, godoro, na hofu ya karuho. Karuho ni ile sumu ya polepole. Mtu anakuwekea kwenye kinywaji leo, unakonda miezi sita, na siku unapokufa yeye yuko shambani kwake anapalilia.

Ndiyo maana kwetu, na kwa Warundi vilevile, anayekupa kinywaji huonja kwanza mbele ya macho yako. Akishameza, nawe unapokea. Hakuna anayekasirika, ni adabu tu. Jirani yangu hapa kambini, zone ya Rubondo, mama wa Kirundi ambaye mlango wake uko hatua kama ishirini kutoka kwangu, aliishika adabu hiyo hata kwa watoto. Mimi Jumatatu na Alhamisi naenda Mbarara, sokoni Kakoba, kuuza vitenge, narudi jioni. Mtoto wangu wa kiume, wa miaka miwili wakati huo, nilimwachia mama mkwe niliyekuwa nikiishi naye. Lakini mama mkwe miguu ilikuwa imeshamkataa, kwa hiyo aliyemkimbilia mtoto kutwa nzima alikuwa jirani. Alimpikia uji wa mtama na soya, akamimina kikombeni, akaonja, ndipo akampa. Hakutaka malipo, na hilo nalo baadaye nililiona lina jambo.

Mwezi wa kwanza wa mwaka, jua likiwa kali na vumbi jekundu limejaa kila mahali, nilirudi kutoka Kakoba nikamkuta mtoto macho mekundu, makamasi yanatiririka, mwili unawaka. Kesho yake vipele vikaanza nyuma ya masikio vikashuka mpaka miguuni. Jirani alimfungua mdomo, akatazama ndani, akasema ni surua, watoto wake mwenyewe waliugua hivyohivyo Burundi. Akatundika kitenge dirishani ili mwanga usimuumize macho. Alifuatana nami mpaka kituo cha afya, akaja asubuhi na jioni wiki mbili mfululizo kumpangusa macho kwa maji yaliyochemshwa. Mtoto akapona. Ngozi ikabambuka, akaanza kucheka tena. Nilisimama kanisani kutoa ushuhuda, watu wakapiga makofi, nikadhani tumemaliza.

Kumbe tulikuwa ndio kwanza tunaanza. Hazikupita wiki tatu, sikio likatoa usaha. Likapona, mdomo ukajaa utando mweupe. Ukapona huo, kifua kikaanza. Huyu alikuwa mtoto ambaye kabla ya surua hata mafua yalimpitia mbali! Watoto wa majirani walikohoa siku tatu wakarudi kwenye mpira wao wa makaratasi, wangu akilala siku kumi hajainua kichwa. Nilianza kujiuliza amekula wapi, amekunywa nini, nani alimbeba. Kila nilipoanzia niliishia kwenye kikombe cha uji.

Halafu ikafika Jumatano ya Majivu. Sikwenda sokoni wiki hiyo kwa sababu ya kile kikohozi. Jirani alikuja na uji wake, ametoka misani, ana alama ya majivu kwenye paji la uso. Akampa mtoto kikombe moja kwa moja. Hakuonja.

Nikamwambia, "Hujaonja."

"Leo nimefunga," akajibu, taratibu tu, akampangusa mtoto kidevu.

Sisi kanisani kwetu tunafunga mchungaji akitangaza, na majivu hatupaki. Sikujua kwamba kwa Mkatoliki wa namna yake hata tone moja halipiti mdomoni mpaka jioni. Nilimtazama midomo, mikavu. Nikamtazama mtoto anavyomeza. Nilitaka kumpokonya kile kikombe, aibu ikanizuia. Kesho yake mtoto akaanza kuharisha, na kufikia Jumamosi macho yalikuwa yameingia ndani. Basi, nikawa nimepata jibu langu.

Sikumuuliza kitu. Mtu ninayemshuku simuulizi, namvizia. Nilimkataza mtoto kuvuka kwenda kule, na jirani alipokuja nilimwambia amelala, hata kama sauti ya mtoto ilikuwa inasikika ndani. Kwenye kisima cha pampu nilimnong'oneza mama mmoja, halafu mwingine, kila mmoja nikimwapisha asiseme. Kufikia Pasaka zone nzima ilikuwa inajua. Siku moja palikuwa na matanga huku kwetu, jirani akaleta beseni la maharage kama wanawake wote. Watu walipopakua, beseni lake halikuguswa. Alilifunika, akajitwika, akarudi nalo nyumbani limejaa. Nilimtazama anavyokwenda, na niseme ukweli wangu hapa, nilifurahi.

Kuna mama mmoja wa upande wa pili wa kambi anayesifika kwa kutoa karuho mwilini mwa watu. Nilimpelekea mtoto bila mume wangu kujua. Akanipa chupa ya maji ya mizizi, meusi, machungu, nimnyweshe kijiko asubuhi, mchana na jioni mpaka sumu itoke. Mtoto alitapika mpaka akalegea mikononi mwangu, akatoa kitu cheusi. Nilipompelekea habari yule mama akatikisa kichwa, unaona sasa? Nami nikaona. Kwamba dawa yenyewe ilikuwa nyeusi tangu chupani, hilo halikunijia kabisa. Nilinunua chupa ya pili.

Lakini mtoto hakupata nafuu. Jirani hamgusi tena, na bado homa inapanda. Kwa hiyo macho yangu yakageukia ndani ya nyumba, kwa mama mkwe. Tangu mwanzo hakupenda mwanawe anioe mimi nisiye wa kabila lao, nikakumbuka na maneno fulani ya siku ya harusi, nikayaunganisha. Nilimwondolea kijiko mkononi. Unga nikaufungia kwenye sanduku la bati kwa kufuli, ufunguo shingoni mwangu. Baada ya siku chache mama mkwe alimwomba mwanawe ampeleke kwa ndugu yake, zone nyingine, akaondoka na kigoda chake na biblia yake.

Nikabaki mimi. Maji nachota mimi, unga nasaga mimi, moto nawasha mimi, namlisha kwa mkono huu wangu. Kakoba nimeacha kwenda. Wiki tatu mtoto hakupokea hata ndizi kwa mtu mwingine. Na ndani ya wiki hizo tatu kifua kikarudi, kibaya kuliko vyote, mbavu zinaingia ndani kila akivuta pumzi.

Jioni moja nilikuwa nimempakata, namlisha kwa kijiko. Mume wangu akasimama mlangoni. Tangu mama yake aondoke alikuwa hasemi nami ila kwa lazima.

"Onja kwanza," akasema.

Nilidhani ananitania. Nilipomtazama usoni, hakuwa na utani.

"Jirani umemfukuza. Mama yangu umemfukuza. Umebaki wewe, mama yake. Onja."

Nilionja. Uji ulinimwagikia kidevuni, naye akanitazama mpaka nikameza. Nimewahi kutukanwa na askari vizuizini, nimewahi kulala porini na mimba, sikulia. Siku ile nililia kwa hasira, hasira ya kushukiwa kwamba namdhuru mtoto niliyemzaa mwenyewe. Uchungu ule sijui niuelezeje.

Kulipokucha tulimkimbiza kituo cha afya, nao wakatupakia kwenye ambulensi kwenda hospitali Mbarara. Njia ile naijua vizuri kwa biashara yangu, lakini siku ile sikuona hata mti. Wodini walimwekea mpira wa hewa puani. Daktari alikuwa mama wa hukohuko Mbarara. Kiswahili, alisema, alikipata kwa baba yake aliyekuwa mwanajeshi.

"Mama, mtoto amekunywa nini?" akaniuliza.

Nikasema uji. Dawa ya kienyeji je? Nikasema hapana. Akatazama karatasi ya vipimo, akasema figo za mtoto zimechoka, kuna kitu zimepigana nacho. Akiandika dawa bila kujua ni kitu gani, anaweza kuzimaliza kabisa. Alisimama kalamu mkononi, anasubiri neno langu. Mume wangu alikuwa amesimama hapo hapo, kwenye miguu ya kitanda. Nilijua nikisema, yale aliyonishuku yatakuwa kweli mbele ya macho yake. Mtoto alikuwa anavuta hewa kwa shida, pua zinapanuka.

"Mizizi," nikasema. "Chupa mbili. Mimi ndiye niliyemnywesha."

Daktari akaandika, akamwita nesi, wakabadilisha dripu. Hakunigombeza. Mume wangu alitoka nje, akarudi baada ya saa nzima macho mekundu, akakaa upande wa pili wa kitanda.

Siku ya tatu mtoto aliweza kuketi. Daktari akaomba kadi ya kliniki. Palipotakiwa kuandikwa chanjo ya surua palikuwa patupu, kwa sababu siku wachanjaji walipopita Rubondo mimi nilijificha naye kwenye mahindi. Nilikuwa nimesikia mambo kuhusu zile sindano. Akauliza kama mtoto ameshaugua surua, na tangu hapo ameugua nini. Nikamtajia yote, sikio, mdomo, tumbo, kifua. Kila nilipotaja aliitikia, kama mtu anayesomewa barua aliyokwisha kuisoma.

Alinieleza polepole. Mwili una kumbukumbu, unaweka alama ya kila ugonjwa uliowahi kupigana nao, ukija tena unautambua na kuufukuza mapema. Virusi vya surua vinaingia hapo penye kumbukumbu na kufuta. Vipele vinaisha, mama anashangilia, kumbe ndani mtoto amebaki hajui adui zake tena. Magonjwa aliyokwisha kuyashinda yanamkuta kama mgeni. Kinga inajifunza upya, na inaweza kuchukua miaka miwili, hata mitatu. Katika muda huo ataugua, alisema, ataugua tena, nisishangae, kazi yangu ni kumfikisha kliniki mapema.

Kwa kuwa mimi ni mimi, nikamuuliza, na hiyo surua yenyewe nani aliituma? Akacheka, akasema kikohozi cha mtoto mwingine. Sikuridhika. Pengine mama huyu anataka tu kunituliza! Nilimvizia nesi wa asubuhi nikamuuliza peke yake, akaniambia yaleyale. Nikamuuliza wa jioni. Yaleyale. Hapo ndipo niliposhika kichwa. Miezi yote ile, kitu pekee kilichomdhuru mtoto wangu kwa njia ya mdomo kilitoka kwenye kijiko changu.

Tuliporudi, mama mkwe alituma kuku na salamu, mwenyewe hakuja. Daktari alikuwa amekataza mtoto asipelekwe sokoni penye msongamano, na mimi nilipaswa kurudi Kakoba, maana ndiko tunakokula. Kumfungia ndani peke yake haiwezekani. Nilizunguka uani kwangu asubuhi nzima, kisha nikamweka kiunoni nikavuka.

Jirani alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, hakunikaribisha kukaa nami sikustahili. Nilimwambia ya kisimani, ya matanga, ya majivu, na niliyoyasikia Mbarara. Nikamwomba msamaha. Hakuinua uso mpaka nilipomaliza, kisha akamtazama mtoto, mikono ile iliyobaki mifupa, akanyoosha mikono yake na mtoto akamwendea. Alimkumbatia kwa muda mrefu. Machozi yalimtoka, hakuyapangusa.

"Umulete," akasema. "Nitamuchunga. Ila chakula chake utakileta weye mwenyewe, na maji yake."

Nikamwambia namwamini sasa. Akasema sawa, lakini nilete.

Jumatatu niliacha kwake mtoto, kopo la uji na chupa ya maji, nikaenda Mbarara. Ilikuwa hivyo wiki ya kwanza, na ya pili. Alhamisi ya wiki ya tatu nilikuwa Kakoba, nampimia mteja kitenge, simu ikalia. Nikaona ni jirani. Nilisikia anahema.

"Sijamupa kitu, mama," akasema. "Naapa kwa Mungu, sijamupa kitu."

Ndipo akaniambia mtoto ana homa.