Seva Iliyokataa Toleo la Pili

Watu wa Machakos si wa kuchezewa. Mwaka wa elfu mbili na sita, wakati wengine huko kwao bado wanapelekeana habari kwa baiskeli, mji wetu ulikuwa na redio yake ya Kikamba, redio ilikuwa na seva, na seva ilikuwa na Kitheka. Kitheka mwenyewe angekwambia kwamba wa maana kati ya hao watatu ni yeye. Alisomea kompyuta Nairobi, akarudi na mkoba wa ngozi na tabia ya kujibu swali kabla halijaisha.

Seva, kwa wewe uliyekuwa ukitoroka shule kwenda kutega ndege, ni kompyuta moja inayowatunzia wenzake mafaili. Matangazo ya vifo yalirekodiwa chumba cha mbele, sauti ikahifadhiwa kwenye seva, kisha kompyuta ya studio ikaenda kuyachukua kila mchana na kuyapiga hewani jioni. Na hapo usicheke. Kutoka Kathiani mpaka Ndithini, mtu alikuwa hajafa mpaka redio iseme. Simu zilikuwa chache, na kule Ndithini hata aliyekuwa nayo alipanda mlima kutafuta mtandao.

Sasa, kompyuta na seva huelewana kwa kanuni, na kanuni hizo hutoka kwa matoleo, kama vitabu vya shule: la pili, la tatu, la nne. Seva ya Kitheka ilikuwa ikiyakubali yote. Lakini kijana alikuwa ametoka semina, akaambiwa huko kwamba matoleo ya zamani ni mlango usio na komeo. Jumanne akaingia kwenye mipangilio ya seva, akaandika kwamba la pili na la tatu yasijibiwe tena, libaki la nne peke yake. Akaiwasha upya, akajaribu kwa kompyuta yake mpya. Mafaili yakafunguka. Akajipiga kifua.

"Na ile mzee ya studio umeiangalia?" akauliza Maundu, mtangazaji wa jioni.

"Taa nyekundu inawaka, kuna mtu hewani, nitaingia aje? Nitaiangalia baadaye."

"Hiyo baadaye yako iko na ndevu, bwana."

Hakuiangalia. Kompyuta ya studio ilikuwepo tangu redio ifunguliwe, haikuwahi kusumbua, na kisicholalamika husahaulika. Ilijua toleo la pili tu. Mchana ule ikabisha kwa seva, ikakataliwa, ikaandika kukataliwa kwake mahali pasiposomwa na mtu. Jioni ikapiga yale matangazo ya jana yaliyobaki tumboni mwake. Nani angeshtuka? Tangazo la kifo hurudiwa siku mbili tatu, ndiyo desturi.

Kesho yake akaja Mutiso wa Kathiani, macho yamemvimba. Mkewe, Peris, alikuwa amefia uzazini, yeye na mtoto wake. Mazishi yangekuwa Jumamosi saa nne asubuhi. Mama yake Peris, Mbula, aliishi Ndithini, na hakuwahi kukanyaga kwa Mutiso kwa sababu ndoa ile aliipinga tangu mwanzo.

"Nilikuwa nafikiria kutuma mtu," Mutiso alisema. "Ama redio itafika?"

Kitheka akacheka kidogo. "Itafika? Ndugu yangu, sisi tunasikika hadi Kitui. Mama mkwe wako atasikia akiwa jikoni kwake. Utume mtu wa nini?"

Kwa neno hilo Mutiso hakutuma mtu. Akarudi Kathiani kuchimba kaburi, na nyumba yenye matanga haifungui redio.

Jumamosi asubuhi simu ya ofisini ikalia, Kitheka akaichukua. Aliyepiga alikuwa mzee mmoja wa Wamunyu, amechemka.

"Nyinyi watu wa redio! Jana jioni mmetuita tena tukamzike Nzau mchonga vinyago. Nzau tulimzika juzi! Mnataka tumfukue ndio mridhike?"

Kitheka akaanza kucheka. Kicheko kikamkauka mdomoni. Akakimbia studio.

"Maundu, yule Peris wa Kathiani, ametangazwa?"

"Si nilimrekodi?"

"Hewani! Umemsikia hewani?"

"Hewani ni kazi ya mashine. Nikishaibonyeza mimi huenda chai."

Kitheka alirudi kwenye seva, akaruhusu toleo la pili, akaiwasha upya. Ilikuwa kazi fupi kuliko kufunga kiatu. Kompyuta ya studio ikaamriwa ibishe bila kungoja mchana, ikafunguliwa, ikameza yote yaliyokuwa yakiingoja, Maundu akaibonyeza, na kabla Kitheka hajamaliza kufikiri, sauti ya Maundu ikaenda hewani, tulivu kama ya padri: Peris, binti ya Mbula wa Ndithini, atazikwa Jumamosi hii saa nne asubuhi.

Saa nne yenyewe ilikuwa imeshagonga.

Alichukua gari la redio mpaka Kathiani. Alikuta udongo umeshafanywa tuta. Jirani akamweleza kwamba Mutiso aliomba wangoje, wazee wakamwambia jua linapanda. Ndipo Mutiso akasimama mbele ya watu wote akasema: "Nilimtangazia mama yake redioni. Amesikia, amekataa kuja."

Kitheka akaketi kwenye kuni.

Mbula alifika alasiri, miguu imejaa vumbi. Alitazama lile tuta.

"Mlishindwa kuningoja?"

"Nilikungoja, mwaitu, mama yangu," Mutiso alisema. "Nikajua umekataa."

"Nimesikia leo. Nikiwa na ndoo kichwani, redio ya jirani ikisema."

Kitheka akasimama, akaeleza seva na matoleo yake.

"Hiyo mashine ya zamani," Mbula aliuliza, "ilikuwa mbovu?"

"Hapana, mama. Ilikuwa nzima. Mimi ndiye niliyeifungia."

Mbula akamgeukia Mutiso. "Na wewe uliwaambia watu nini?"

Mutiso akamwambia. Mama akafunga kanga yake upya kiunoni.

"Basi, kijana, simama hapo uwaambie na wao, kama ulivyoniambia mimi."

Kitheka akatazama uwanja. Turubai lilikuwa limeshashushwa, viti vimeshapangwa juu ya mkokoteni. Waliozika walikuwa wameshatawanyika, kila mmoja na neno la Mutiso mdomoni, na kufikia hapo neno hilo lilikuwa limeshafika Wamunyu. Walibaki wanawake wawili wakisugua sufuria.

Akawaambia hao wawili. Walimsikiliza mikono ikiwa ndani ya maji, kisha wakaendelea kusugua.