Pampu ya stainless, asidi, na mtani wangu Maganga aliyedhani namtania

Wakuu, poleni na majukumu. Hili jambo nimekaa nalo moyoni, leo nalitoa. Sijaongeza chumvi, na mwenyewe mhusika anajua naandika, kaniruhusu.

Mimi ni Mzigua wa Kwamsisi. Nilikuwa operator kwenye plant ndogo ya dhahabu huku huku Handeni.

Kwa wasiojua: dhahabu inanaswa na kaboni, vile vipunje vyeusi kama mkaa. Hiyo kaboni inaoshwa kwa asidi, hydrochloric. Asidi inatoka kwenye tanki, inasukumwa na pampu, inarudi. Kazi yangu ilikuwa kusimamia huo mzunguko.

Fundi wetu alikuwa Maganga. Babu yake alitoka Unyamwezini kuja kukata mkonge Korogwe, wakabaki hapo hapo. Maganga mwenyewe nyumba yake iko Masuguru, pale Korogwe.

Sasa Mzigua na Mnyamwezi ni watani, mnajua wenyewe. Hatukuwahi kusalimiana kama watu. Akinikuta nakula: "Mzigua, bakisha, wageni hawajala!" Na mimi nilishamzika mara nyingi sana: "We Maganga ukifa nakuja kula ubwabwa tu, kulia silii." Plant nzima inacheka.

Pampu ya mwanzo ilikuwa ya plastiki, wenyewe wanaita polypropylene. Mtu akaigonga na toroli, ikapasuka. Bosi akataka nyingine haraka. Muuza vifaa akashauri turudishe ile ile ya plastiki.

Maganga akacheka. "Hiyo ni ndoo ya kuogea, siyo pampu."

Akaleta ya stainless kutoka kiwanda cha mkonge alikokulia. Kule ilikuwa inasukuma maji ya korona, ile mashine ya kuchuna majani ya mkonge. Wa Korogwe mnayajua yale maji. Yanawasha mwili, na chuma cha kawaida yanakimung'unya mpaka kinabanduka vipande. Lakini ile pampu ilikuwa bado inang'aa.

Akatoa sumaku mbele ya bosi, akaigusisha. Haikushika.

"Mmeona? Stainless ya kweli hii. Imeshinda mkonge, leo ishindwe na kiasidi chenu?"

Bosi akakubali. Sote tulikubali, wakuu. Maganga alikuwa fundi kwelikweli, pampu aliijua kwa kusikiliza tu inavyounguruma. Ila mkonge ni mkonge na hydrochloric ni hydrochloric. Inayovumilia hii siyo lazima ivumilie ile.

Mwanzoni mambo safi. Halafu asidi inayorudi tankini ikaanza kuwa kijani kijani. Nikainama kuangalia pampu. Chini kuna unyevu, na bodi, lile ganda lake la nje, ina vitundu vidogo kama imechomwa sindano.

Nikamfuata Maganga. "Mtani, pampu yako inaliwa. Tuizime."

Akaangua kicheko. "Mzigua bwana! Leo umeamka na hiyo?"

"Wallahi sitanii."

Ndiyo akazidi kucheka, mpaka akashika ukuta. Maana wakuu, "wallahi sitanii" ndivyo nilivyokuwa naanza kila utani wangu.

Nikaenda kwa supervisor. Badala ya kuja kuangalia, akampigia simu: "Maganga, mtani wako huku anasema pampu yako imeoza." Ofisi nzima ikacheka. Nilitoka pale nimefura kwa hasira, na hasira hiyo ninayo mpaka leo. Mtu mzima unaambiwa asidi inavuja, unacheka!

Hazikupita siku nyingi. Nikiwa kwenye tanki nikamwona Maganga kachuchumaa kwenye pampu, peke yake, na spana mkononi. Pampu inazunguka. Miwani ya kazi kaipandisha kwenye paji la uso kwa sababu ya jasho. Nikafungua mdomo nimwite.

Bodi ikafumuka. Asidi ilimpata usoni.

Nikakata umeme, nikamvuta. Jamaa mmoja akakimbilia maziwa kwa Wamasai. Nikafoka, maji! Leteni maji! Shower ya dharura ilikuwa kavu, tukamwagia kwa ndoo, na yeye anapiga kelele ambazo sitaki kuzieleza humu.

Jicho la kulia halipo. La kushoto linatofautisha tu jua kali na giza totoro.

Nilimtembelea Masuguru alipotoka hospitali. Mkewe akanikaribisha ndani. Nikakaa, nikasema, "Habari za hapa, kaka."

Akageuza uso. "Mzigua, mbona unanisalimia kama hakimu?"

Utani wote ulinikauka mdomoni.

Kisha akasema kwa sauti ya chini, mkewe asisikie: "Ulivyoenda kwa supervisor ndiyo nikajua hutanii. Nikaenda kuchungulia, nikaona vitundu. Lakini watu walishacheka. Nikasema nitaikaza mwenyewe kimya kimya, usije ukanipata."

Usije ukanipata. Yaani aliogopa kicheko changu kuliko asidi.

Wakuu, hiyo ndiyo sentensi inayoniamsha.

Somo la kitaalamu ni fupi. Usichague pampu kwa kung'aa, wala kwa sumaku, wala kwa sababu ilidumu kazi nyingine. Uliza: kimiminika gani, kikali kiasi gani, kina joto gani, kisha ndiyo uchague bodi na seal ya kuzuia kuvuja. Hydrochloric yenyewe inaletwa kwenye madumu ya plastiki. Tulikuwa tunayabeba kila siku na hakuna aliyejiuliza kwa nini haiji kwenye chuma.

Wenye uzoefu na pampu za plastiki au zenye bitana ya mpira, shusheni maarifa, kuna plant nyingi huku zinaendeshwa kwa kubahatisha. Na wanaotaka kunitukana kwamba ningeizima mwenyewe, karibuni pia, nimeshajitukana vya kutosha.

Ila kama una mtani kazini, leo hii kubalianeni neno moja ambalo hamtalitania kamwe. Mkilisikia, mashine inazimwa na hakuna anayemcheka mwenzake.

Mimi na Maganga tumeshachagua letu. Tumelichagua amekaa mlangoni kwake, anauliza kama jua limeshazama.